Makofi Tuliyompigia Mke wa Mchungaji

Tata,

Nakuandikia kwa Kiswahili, baba yangu. Kifaransa ni cha shule, na shule imekwisha. Tshiluba changu unajua kinavyochechemea. Ulikuwa ukisema ninakiongea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kiingereza nacho ndicho kilichoniketisha hapa mezani na karatasi, kwa hiyo siwezi kukitumia kukupa habari zake.

Diploma nilipata. Hilo ulijue kwanza, maana uliondoka kabla ya matokeo. Walinimwagia poda nyeupe kichwani kama wanavyomwagiwa wote waliofaulu, ila mimi nilikuwa katika nguo nyeusi za matanga yako. Mama alisema nisiipanguse, majirani waione. Nikapita mtaa wetu wote wa Musonoi nikiwa mweupe kichwani na mweusi mwilini, na watoto wa kisimani wakaniita kunguru. Wewe ungecheka. Mimi nilipita njia ya nyuma kurudi nyumbani.

Lori lako la maji wamempa kijana mmoja wa Mutoshi. Anamwagilia katikati ya barabara tu, tena mbio mbio. Pembeni, kule ambako watu wanatembea kwa miguu na ambako wewe ulikuwa ukirudi mara ya pili polepole, kiangazi chote vumbi lilibaki. Mama alikuwa akilitazama likipita na kusema, "Huyu hana mama anayetembea." Sasa mvua imeanza, hatumsemi tena. Ukuta wa chumba chako umepasuka zaidi kwa sababu ya baruti za mgodini. Tumeweka kabati mbele ya ufa.

Nguo nyeusi tumezivua. Habari yenyewe ni hiyo, habari ya siku tuliyoondoa matanga, na nimeizungukazunguka kwa sababu naona haya. Niseme.

Unakumbuka kanisani walikuita Tata Kinywa. Mchungaji wa Solwezi alipokuja kutoka Zambia, wewe ulisimama kushoto kwake na kumfasiria. Akiinua mkono, uliinua. Akiinama, uliinama. Alipofuta jasho, nilikuona ukifuta jasho ambalo halikuwapo. Watu walikuwa wakimtazama yeye kidogo, kisha wewe, kisha wanasahau kumtazama yeye. Mimi nilikuwa nikikaa na kwaya, nikifikiri hakuna mtu Kolwezi anayejua Kiingereza kuliko wewe.

Siku ya kukuzika wazee wa kanisa walikubaliana kwamba matanga yatakapoondolewa, mchungaji yule aalikwe, na mtoto wa Kinywa ndiye asimame naye. Mtoto wa Kinywa ni mimi. Mimi ambaye ukinituma chumvi kwa jirani nasimama mlangoni hadi mtu atoke mwenyewe. Waliponiuliza nilitikisa kichwa, na wao wakahesabu kuwa nimekubali.

Kwa hiyo baada ya diploma nikajiandikisha katika darasa la Kiingereza, mjini, nyuma ya soko. Sikuwa na wasiwasi sana. Nilikuwa na Kiingereza chako.

Ulinifundisha Jumapili baada ya kanisa, tumekaa kwenye ngazi ya lori, wewe ukila karanga. Ulisema ulikiokota kwenye foleni ya malori kule mpakani Kasumbalesa, ulipokuwa kijana wa kuuza vitenge kwa madereva. Ulisema, "Kiingereza ni chepesi, Bilonda. Nao wana 'li' yao. Sisi tunasema nilikula, nililala, nilienda. 'Li' yao inaitwa 'did'. Uiweke mbele ya kitendo chochote, maneno yamekuwa ya jana." Nikakuuliza na ya kesho je? Ukasema kesho wana "will", ambayo ni "ta" yetu. Ukanipa karanga. Nilihisi nimepewa ufunguo wa nyumba nzima.

Siku ya kwanza mwalimu alitaka kila mtu asimame aeleze alichofanya jana. Ni kijana mpole, anavaa shati lililopigwa pasi vizuri. Nilisimama. Nikaeleza jinsi nilivyoamka, nilivyofua, nilivyokwenda sokoni, na kila kitendo nikakivika "did" yako. Na kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo shuleni, nilikuwa najua vilevile kwamba vitendo vyao vinabadilika vikiwa vya jana, basi nikafanya yote mawili: nikabadilisha kitendo na kuweka "did" mbele.

Walianza kucheka nilipofika sokoni.

Mwalimu aliwanyamazisha. Akaeleza kwamba "did" ni ya kuuliza na ya kukana. Ukisema tu jambo lilivyotokea, kitendo chenyewe kinajibadilisha, kila kimoja kwa namna yake, na kikishabadilika hakihitaji kingine mbele. Akasema ni kama kuvaa kofia juu ya kofia. Kisha akaniuliza, bila ubaya, nani alinifundisha. Nikasema ni baba yangu.

"Basi Jumatatu ukuje naye," akasema. "Tumupe kiti."

Hakujua. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Ningependa kukuambia kwamba nililia au nilitoka nje. Nilicheka nao, Tata, na meno yangu yote yakaonekana. Tangu siku ile wananiita Madame Did. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza tumejifunza nini, nikasema salamu. Nilikula nikiipa mgongo picha yako, ile ya kofia ya kazi.

Nikajifunza kwa hasira. Vitendo vyao vya jana nilivishika kichwani kimoja kimoja kama majina ya watoto wa familia kubwa, hakuna anayefanana na ndugu yake. Nilijifunza kwamba wanauliza swali kwa kupindua maneno, sisi tunauliza kwa kupandisha sauti tu. Nilijifunza "a" na "the", ambazo bado zinanitesa, kwa maana sisi tukisema mtu alikuja, mwenye kusikia anajua mwenyewe ni mtu gani. Siku moja nikakuta katika somo kwamba "did" inaruhusiwa pia pale mtu anapobishiwa: nilikula kweli, hata kama hamsadiki. Niliirudia sentensi ile mara nyingi. Nikafikiri, basi tata alikuwa akiongea Kiingereza cha mtu ambaye kila siku anabishiwa. Ilinipa raha kidogo. Sikumwambia mwalimu.

Kisha shemasi Mutombo, anayerekodi ibada, akanipa kadi ya kumbukumbu ya simu yenye mahubiri yote ya mchungaji wa Solwezi, ili nizoee sauti yake. Alifikiri ananisaidia.

Nilisikiliza mchana, nikichambua maharage. Mwanzoni nilikuwa nikiisikiliza sauti yako tu. Maneno ya mchungaji nilisubiri yapite, kama mtu anayesubiri lori lipite ili avuke. Wiki zikaenda, masikio yangu yakafunguka, na bila kutaka nikaanza kusikia kile kilichotangulia sauti yako.

Mchungaji alieleza habari ya mkulima aliyepanda mahindi kwenye mteremko, mvua ikaja ikachukua mbegu zote. Wewe ulieleza habari ya dereva wa lori la maji: anamwagilia asubuhi, vumbi linalala, saa sita vumbi limeamka tena, na hivyo ndivyo toba ya mwanadamu. Nasikia watu wakiguna. Nasikia mama mmoja akilia. Mkulima hakutajwa.

Nilicheka peke yangu jikoni. Niliona fahari hata. Nikachukua hubiri jingine, nalo vilevile: yeye anapita huku, wewe unapita kule, mnakutana kwenye Amina. Hapo fahari ikaanza kupungua. Nilikuwa nikijiuliza kama kuna siku hata moja uliyosema alichosema.

Na katika hubiri la tatu au la nne mchungaji akashusha sauti. Alisema polepole, na kwa kuwa alisema polepole nilielewa yote. Alisema mke wake ni mgonjwa. Wiki ile angepasuliwa tumboni. Alisema, ninaogopa. Akaliomba kanisa la Kolwezi limwombee.

Na wewe ukasema, kwa sauti yako ile nzuri: "Mchungaji anasema, mama wa kule Solwezi anawasalimia sana. Anawapenda. Roho yake iko hapa pamoja nasi."

Kanisa likapiga makofi. Vigelegele vikapanda. Kimoja nakijua, ni cha mama. Na mimi nilikuwepo siku ile, katika kwaya, kwa hiyo katika makofi yale kuna mikono yangu. Yakapungua, yakaisha, na mchungaji hakusema kitu. Kwenye simu unasikia watu wakikohoa na mtoto akiuliza kitu. Kisha akasema asante, taratibu, na wewe ukasema, "Anasema asanti."

Niliacha maharage. Nilijua ilivyotokea, Tata, najua hukukusudia. Maneno ya hospitali hayako kwenye foleni ya malori. Ulisikia "mke" na "kanisa" na "Kolwezi", ukaona uso wake umejaa, ukafikiri ni upendo. Hata hivyo uso uliniwaka kana kwamba ni mimi niliyesimama pale mbele. Halafu nikakumbuka kwamba kiangazi kilichofuata mchungaji hakuja. Ulikuwa ukiwauliza madereva wa Solwezi kama wanamjua. Ulisema labda barabara ni mbaya. Ulisema hivyo kiangazi chote.

Alikuja tena baadaye, mwaka wako wa mwisho, na wewe ulifurahi kama mtoto, ukapiga viatu rangi usiku wa kuamkia siku hiyo. Lakini yule mke hakuna aliyemtaja tena, na mimi sikujua kama yuko hai.

Sikumwambia mama. Sikumwambia mtu. Nilifikiria kusema nina homa siku ikifika. Nilifikiria hata kwenda kwa mama mdogo Likasi na kukosa gari la kurudi.

Siku ikafika. Waliweka turubai uani, na viti vya plastiki hadi barabarani. Mama alikuwa amekaa mbele katika nguo zake nyeusi za mwisho. Mchungaji akashuka garini, na nyuma yake akashuka mwanamke mnene wa kitenge cha kijani, anatembea polepole, anatabasamu kwa kila mtu. Nilijua ni yeye kabla hajatambulishwa. Ningepaswa kufurahi kwamba yuko hai. Nilichohisi ni hofu: sasa wako wawili.

Nilisimama kushoto, mahali pako. Mkono wangu haukuinuka alipoinua wake. Nilikuwa nimeyabeba maneno kama beseni lililojaa kichwani, natazama nisimwage. Nilipeleka kila kitu kama kilivyokuja, kikavu. Unamjua Mama Kapinga wa makaa, anakaa daima mstari wa kwanza. Hakuvumilia.

"Mutoto, ongeza sauti," akasema. "Tata yako hakukuwa ananong'ona. Unatufasiria ao unasali peke yako?"

Watu wakacheka. Nikaongeza sauti kidogo.

Kisha mchungaji akafunga Biblia. Akamwonyesha mke wake kwa mkono, akaniangalia mimi kwanza, akaanza kusema. Alisema: zamani, mahali hapa hapa Kolwezi, niliwaomba mmwombee mke wangu aliyekuwa akienda kupasuliwa, nanyi mkapiga makofi. Niliumia. Niliwaona watu wasio na huruma, nikakaa mwaka mzima bila kuja. Baadaye sana nikaelewa kwamba ndugu yangu, yule ambaye leo tunamwondolea matanga, hakunisikia. Nilirudi nikitaka kumwuliza, lakini nilimwona anavyonifurahia nikaona haya. Sasa amekufa na sikumwuliza. Nimekuja kumwomba msamaha kwa hasira ile.

Akanigeukia. Ilikuwa zamu yangu.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Mama alikuwa akinitazama na uso wa siku njema, uso wa mtu anayesubiri kusikia mume wake akisifiwa. Ningeweza kusema: anasema alimpenda sana. Hakuna ambaye angejua. Kanisa lingesema Amina, na wewe ungebaki Tata Kinywa hadi mwisho wa dunia.

Nikasema yote. Sentensi kwa sentensi, hadi ile ya hasira. Sijui kama ni ukweli ulionisukuma au ni ile hasira yangu ya darasani, ya Madame Did. Nimejiuliza kila siku tangu pale na sijapata jibu, ndiyo maana naona haya kukuandikia.

Nikashusha kipaza sauti. Mama aliinamisha kichwa akashika pindo la kitenge chake. Mama Kapinga akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Tulimupigia mugonjwa makofi?" Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, mwenzake akamfinya. Mzee wa kanisa akasimama, akasema kama ni hivyo basi tumwombee sasa. Wakainuka wote. Wakamzunguka mama yule wa kitenge cha kijani, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakaomba kwa machozi Mungu amponye, na yeye alikuwa mzima kabisa, anawatazama mmoja mmoja, hajui amefanya nini.

Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji, karibu na jiko la nje ambako wanawake walikuwa wakipika. Mama akanikuta pale alipokuja kumimina unga na kusonga bukari ya wageni. Alisonga bila kunigeukia. Akasema, "Siku ya kumuondolea matanga, Bilonda. Mbele ya batu bote. Haukupata siku ingine?"

Nikachota maji, nikamsogezea.

"Mi sisemi ulidanganya," akaongeza. "Ulisema kweli." Na alivyolisema neno kweli, Tata, ni afadhali angenipiga. Nilikuonea wewe haya, kisha nikajionea haya kwa kukuonea haya, na pale jikoni sikujua tena ni ipi ilikuwa ipi.

Ndipo mke wa mchungaji akaja. Alikuwa amewatoroka waombaji. Akamfuata mama moja kwa moja, akaishika mikono yake hivyo hivyo na unga, akaanza kumwambia jambo. Alisema kwa muda mrefu, akimwangalia machoni. Mama alimsikiliza, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu turubaini.

"Anasema nini?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Maneno yalikuwa mepesi hata: kujua, kulia, hospitali, makofi. Lakini yalikuwa yamefungwa kwa lile fundo lao ambalo tulikuwa tumelianza tu darasani, lile la "kama" na mambo ambayo hayakutokea. Unajua sisi huku Kolwezi hatusemi "ngali", tunaiacha vitabuni. Kwao jambo lililotokea na jambo ambalo lingetokea yanavaa nguo karibu sawa. Sikuweza kujua kama anasema tulilia au hatukulia. Sikuweza kujua kama anashukuru au analaumu. Alikuwa amesimama mbele yangu mzima, na kwa kitambo sikuwa na hakika kama anasema alikufa.

Mama alisubiri. Wanawake wa kwenye sufuria waliacha kukoroga.

Na hapo, Tata, nilisikia kitu kikipanda hadi mdomoni, cha moto, kimeshaiva: anakupa pole, mama. Anasema tata alikuwa mtu mwema. Kilikuwa tayari kabisa. Kilifaa siku ile, kilimfaa mama, kingefuta yote niliyofanya turubaini, na hakuna ambaye kingemwumiza. Sikukitunga. Kilikuja chenyewe, kwa sababu watu wananitazama na siwezi kusimama pale na mdomo mtupu.

Nikakuona. Sikuona mzimu, usiogope. Nilikuona jinsi ulivyosimama, miaka yote ile, na kanisa zima linakutazama mdomo. Nilikuwa nimefikiri ulikuwa ukijigamba. Kumbe ulikuwa na haya kama mimi. Mimi haya yangu yananinyamazisha, yako yalikusemesha.

Nikasema, "Mama, sikuelewa."

Ilitoka ndogo, nikairudia. Kisha nikamgeukia yule mama wa Solwezi nikamwambia kwa Kiingereza kwamba sikuelewa, na katika sentensi ile "did" yako ilikaa mahali pake, hakuna ambaye angeicheka. Nikamwomba aseme tena.

Hakukasirika. Alisema tena, kwa vipande, akitumia mikono. Kipande cha kwanza nikakipata, cha pili kikanitoroka, nikasema tena sikuelewa. Mwanamke mmoja wa kwenye sufuria akasema, "Huyu mutoto njo mufasiri ao njo mugeni?" Safari ya tatu fundo likafunguka, na nikampa mama hivi, polepole:

"Anasema, mungejua, mungelia. Na yeye angeingia hospitali na kilio yenu ndani ya masikio. Lakini bwana yake alirudia nyumba na kisirani, akamuambia, kule Kolwezi bamekupigia makofi. Akacheka. Anasema alicheka mpaka akashika tumbo ile yenye kuuma. Anasema alienda kupasuliwa akiwaza nani ule muntu alisababisha apigiwe makofi. Alikuwa anataka kumuona. Njo maana amekuja."

Mama alitazama mikono yao, unga ulikuwa umeshika wote wawili.

"Muulize," akasema, "kama bwana yake alimuambia makofi ilikuwa ya nguvu."

Nikauliza. Yule mama akasema mume wake alimwambia ilikuwa kama ya bibi arusi. Nikafasiri.

"Aah," mama akasema. "Basi. Kigelegele ya kwanza ilikuwa yangu." Akaanza kucheka, akicheka na machozi, na yule mwingine naye akacheka bila kusubiri nimfasirie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Usifikiri yote yameisha vizuri. Hapa Musonoi sasa mtu akishangilia jambo bila kulijua wanasema amepiga makofi ya Kinywa. Ni Mama Kapinga aliyeanzisha. Analisema kwa mapenzi, tena kila mara anakutaja na kufuta macho, lakini nikilisikia sokoni nainamisha kichwa kwa sababu ni mimi niliyewapa. Mama ananiongelesha kama zamani. Siku moja tu, akikunja nguo nyeusi, alisema, "Tata yako angekufasiria wewe muzuri kuliko vile ulimufasiria." Sikujua kama ni shitaka. Sikumwomba arudie. Naona hili nalo nilikosa.

Darasani bado mimi ni Madame Did. Jumatatu iliyopita mwalimu alieleza lile fundo la mambo ambayo hayakutokea, akauliza nani ana mfano. Niliinua mkono. Nilieleza habari yako na makofi, kwa Kiingereza, nikiwa nimesimama, na nilipofika mwisho mwalimu akauliza baba yangu alisema nini aliposikia. Nikasema alikuwa amekwisha kufa, hata siku ile mwalimu aliponiambia nije naye. Hakuna aliyecheka. Aliomba radhi mbele ya wote, maskini, shati lake limemlowa. Sikufurahi. Nilimwonea huruma, kwa kuwa hakuwa amejua.

Mchungaji ameomba nisimame naye tena kiangazi. Nimetikisa kichwa, na safari hii ni kukubali kweli.

Nakuaga sasa, Tata, karatasi inakwisha na mama ananiita nikazuie maji yasiingie mlangoni. Nakuahidi hivi. Pale mbele, kila nitakaposhindwa, nitasema sikuelewa, kwa sauti, hata Mama Kapinga anisute. Nitasema mara moja kwa ajili yangu na mara moja kwa ajili yako, wewe ambaye hukupata mtu wa kukuruhusu kusema. Na mchungaji akiinua mkono, nitainua.

Lala. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na leo barabara imelowa yote, hadi pembeni.

Ni mimi mwanao,
Bilonda